Chanjo ya Ndui na Kopo la Mafuta la Ata

Hebu kunjeni mikono ya makoti yenu ya maabara, wanafunzi, nyote, mnionyeshe mkono wa kushoto. Mnaona? Kila mmoja wenu ana kovu moja dogo, la chanjo ya kifua kikuu mliyodungwa mkiwa wachanga. Sasa njooni mtazame wangu, huku juu karibu na bega. Makovu mawili! Hili la zamani nililipata nikiwa mtoto wa shule, siku ambazo ndui ilikuwa bado inaua watu. Na hili jingine nililipata mwaka 2012, nikiwa na miaka hamsini na mitano, wakati ndui ilikuwa imekwisha kitambo duniani kote na hata madaktari walikuwa wanaisoma vitabuni tu.

Mtaniuliza, Mama Akai, nani anachanjwa ugonjwa uliokwisha? Swali zuri! Anachanjwa mfanyakazi wa maabara, tena mwenye kiherehere. Nimestaafu, magoti yanalia nikiinuka, lakini nikilikumbuka jambo hili bado nataka kusimama juu ya kiti niwasimulie. Kaeni.

Mwaka ule Turkana nzima ilikuwa inazungumza mafuta yaliyopatikana ardhini. Ukiingia hoteli yoyote ya Lodwar kunywa chai, mafuta. Kanisani, mafuta. Sisi wa maabara tulikuwa na habari yetu, na kwangu ilikuwa tamu kuliko hiyo. Ngamia wa upande wa Kaaleng walikuwa wanatoka vipele midomoni, vinajaa maji, vinapasuka, vinakauka vigaga. Wafugaji hawakushangaa, wao waliijua tangu enzi za babu zao. Ni ndui ya ngamia. Ndiyo, jamani, ni ndugu wa ile ndui ya watu, ukoo mmoja kabisa!

Watafiti wakaja kutoka Nairobi na mradi wao. Vigaga vitakusanywa malishoni, vitaletwa kwetu, vitasagwa na kupimwa. Na walikuwa na sheria moja isiyopinda: hakuna atakayesaga kigaga kabla ya kuchanjwa chanjo ya ndui. Ndui ya ngamia humshika mtu kwa nadra sana, lakini ukikaa unavuta pumzi juu ya vigaga vyake kutwa nzima, unaibishia hodi mwenyewe. Chanjo ya ndui inakinga dhidi ya ukoo wote ule.

Mimi nikajitokeza mbele kifua mbele. Nikakunja mkono, nikaonyesha kovu langu la utotoni. "Daktari, mimi nilishachanjwa. Nipe kazi!"

Mkuu wa mradi, Daktari Nafula, alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mpole, na macho yake hayakosi kitu. Akaligusa lile kovu kwa kidole kimoja. "Mama, hii kinga imechoka. Imekaa zaidi ya miaka arobaini. Utachanjwa tena kama wengine, na maabara yenu nimeipa nafasi moja tu."

Moja! Nilisikia hilo neno tu, mengine yakapita. Nilikuwa nimetumia miaka thelathini kuhesabu vimelea vya malaria kwenye hadubini ya kioo kilichokwaruzika. Nimepima damu, mkojo, kinyesi na makohozi ya nusu ya watu wa wilaya hii. Sasa kitu kipya kimekuja mpaka mlangoni pangu, tena kwa miguu minne! Nilikitaka mpaka nikakosa usingizi.

Daktari Nafula akatoa fomu. Akaniuliza moja moja. Una ukurutu? Hapana. Una ugonjwa wa kupunguza kinga mwilini? Hapana. Una mimba? Weee, nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nyumbani mna mtoto mchanga? Hapana.

"Nyumbani kuna mtu yeyote mwenye ukurutu, au aliyewahi kuwa nao?"

Nyumbani kwangu kulikuwa na watu watatu. Mimi, mama yangu, ambaye kila mtoto wa mtaa alimwita Ata, yaani bibi, na mjukuu wangu Nawoi, wa miaka mitatu. Binti yangu Akai alikuwa Kerio, ziwani, akinunua samaki, mtoto akaniachia. Na Nawoi alikuwa na ukurutu. Nyuma ya magoti, kwenye viwiko, shingoni. Alikuwa anajikuna mpaka damu inatoka. Nilijua jina la ule ugonjwa kwa Kiturkana, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Siwezi kusema sikuelewa swali.

Nikamwambia daktari, "Hapana."

Akaweka alama. Nafasi ikawa yangu. Nikatoka nje nikaruka, mtu mzima, kwenye mchanga wa moto.

Kabla sijaendelea, tegeni sikio, kwa sababu mambo haya hamfundishwi. Ukienda kuchukua kigaga kwa ngamia, simama ubavuni kwenye bega, usisimame mbele, maana atakutemea na hutakula chakula cha mchana. Mwache mwenyewe amshike kichwa, ngamia hamjui mtu wa koti jeupe. Chukua kigaga kikavu kwa koleo ndogo, kitie kwenye chupa kavu, usiongeze maji ya aina yoyote. Na uandike jina la ngamia kwenye chupa kwa penseli! Safari yangu ya kwanza ya majaribio, kabla ya chanjo, ambako kazi yangu ilikuwa kuandika tu, niliandika chupa zote kwa kalamu ya wino, nikazipanga vizuri, nikazipangusa kwa spiriti kama mtu aliyesoma. Wino wote ukayeyuka. Ngamia wote wakawa hawana majina. Mzee aliyekuwa na wanyama wale akanitazama akasema, "Nyinyi mmesoma mpaka mmesahau ngamia. Mimi namjua kila mmoja wangu bila kuandika." Nilirudia kazi yote kesho yake, na yule mzee akawa ananitajia kila ngamia kwa rangi yake huku anacheka. Penseli, wanangu. Penseli haiogopi spiriti.

Basi, chanjo. Tulikwenda kuchanjwa Kakuma, kwa sababu huko mradi ulikuwa umepata friji kali na jenereta isiyozimika ovyo. Na huko Kakuma alikuwako Papa Bahati.

Papa Bahati alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, muuguzi wa zamani, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Wakati wa ujana wake alitembea vijiji vya kwao akichanja watu ndui, mpaka ndui ikaisha. Daktari Nafula alikuwa amejifunzia ile sindano kwenye chungwa. Papa Bahati alikuwa amejifunzia kwenye watu maelfu! Kwa hiyo daktari, kwa heshima kubwa, akampa yeye kiti, mwenyewe akakaa kando kutazama.

Sindano yenyewe, lo! Haina bomba. Ni kijiti cha chuma, ncha yake imegawanyika kama uma wenye meno mawili. Unaichovya kwenye dawa, tone linakaa katikati ya yale meno.

"Mama, hii sindano haiko ya kuingiza," akaniambia. "Iko ya kugongagonga. Kumi na tano. Hesabia mimi."

Nikahesabu kwa sauti kama mtoto wa nasari. Tap, tap, tap, haraka, mahali pamoja padogo, mpaka kadamu kakachungulia. Kumi na tano! Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Fikirini, mkono uleule uliosaidia kumaliza ndui duniani umegusa wangu, Kakuma, ndani ya chumba cha mabati!

Papa Bahati akanifunga kidonda kwa shashi, juu yake plasta, juu yake mkono wa shati. Akafuta tabasamu lake.

"Sasa sikia muzuri. Ndani ya hii dawa hamuna ndui. Muko ndugu yake mudogo, lakini iko muzima. Iko na uhai. Kidonda hii itavimba, itakuwa na usaha, itakauka, kigaga itaanguka yenyewe. Mpaka hiyo siku, usiiguse. Ukiigusa, nawa. Taulo yako, yako peke yako. Mutu mwenye ngozi muzima hana shida sana. Lakini mutoto mwenye ngozi ya kukwaruza..." Akaivua ile kofia. "Nilionaka moja. Kaka yake alichanjwa, wakalala pamoja ku mukeka moja. Mwili yote ikakuwa kidonda, Mama. Yote. Hatukumuweza. Ku nyumba yako haiko mutoto kama huyo?"

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikasema, "Hakuna, Papa," kisha nikajipangia ujanja wangu kichwani: sitarudi Lodwar. Nitakaa Kakuma wiki zote tatu mpaka kigaga kianguke. Nawoi hataniona, na nafasi yangu itabaki. Nilijiona hodari sana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha maradhi ya mtoto wa miaka mitatu.

Siku ya tisa tangu nichanjwe, chupa za sampuli zikatuishia. Chupa zilikuwa Lodwar. Gari linaondoka asubuhi, linarudi jioni, nani anaijua stoo yetu? Mimi! Sikufikiri hata mara mbili. Nilipomaliza kupakia chupa ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, dereva akaenda kula. Nikasema nipite nyumbani dakika chache, nimsalimie Ata, nisimguse mtoto.

"Ejok!" Ata akanisalimu. Akanitazama mkono. "Hicho kitambaa ni cha nini?"

"Waya umenichana."

Uongo wa tatu, kama mnahesabu. Nawoi alikuwa amelala. Nikakaa mkekani kwenye kivuli cha ukuta, mkono unawasha, unavuta, unadunda. Malengelenge yalikuwa yamejaa usaha. Joto likanibeba, nikasinzia.

Niliamka kwa sababu mkono ulikuwa na raha. Ulikuwa umepoa. Nikafumbua macho, nikaona shashi yangu imekunjwa vizuri juu ya kigoda cha Ata. Nikaangalia bega. Kidonda kiko wazi, kinang'aa mafuta.

Hapa lazima mjue kitu kuhusu nyumba yetu. Ata alikuwa na kopo, la maziwa ya unga hapo zamani, ndani yake mafuta ya mkia wa kondoo. Kopo hilo lilikuwa la wote. Visigino vyangu vilivyopasuka, kopo. Uso wake yeye, kopo. Na kila mchana baada ya kuamka, Nawoi alipakwa mafuta kutoka kwenye kopo hilo hilo, kwa vidole hivyo hivyo, miguu kwanza halafu kupanda juu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanapoza ngozi yake. Kwa Ata, kidonda kilichofungwa kinaoza. Kidonda hupewa hewa na mafuta. Aliniona mwanawe nimelala nakunja uso kwa maumivu, akanifanyia alilojua.

Nikageuka. Nawoi alikuwa ameamka, amesimama kati ya magoti ya Ata. Kopo liko chini. Kidole cha Ata kilikuwa mguuni mwa mtoto, kinapanda.

Sijui nilifikaje pale. Nililipiga kopo teke likaruka mpaka ukutani. Nikaushika mkono wa Ata, mkono wa mama yangu mzazi, nikauvuta kwa nguvu. "Umempaka wapi? Umempaka wapi?"

Nawoi akaanza kulia. Ata alinitazama kama mtu asiyenijua. "Mguu huu tu," akasema. "Ndiyo nimeanza."

Mafuta yalikuwa yamefika katikati ya ugoko. Ngozi mbaya, ile iliyopasuka nyuma ya goti, ilianza vidole viwili juu yake. Vidole viwili, wanangu! Nimevipima mara nyingi tangu siku ile.

Nikajifunga shashi, nikamwambia Ata anawe kwa sabuni mpaka nimwambie basi, halafu amwoshe mtoto yeye, kwa maji mengi, kushuka chini, asipandishe. Mimi mwenyewe sikuthubutu kumgusa. Nikakimbia barabarani kutafuta mtandao wa simu, kitambaa cha kichwa kimeanguka sijui wapi. Daktari Nafula akapokea.

"Daktari, nilidanganya kwenye fomu."

Nikamwambia yote, nalia. Kisha akaongea taratibu. Nilichofanya cha kuosha ni sawa, waoshe tena. Kopo lichomwe, nguo zichemshwe. Mimi nitoke katika nyumba ile leo hii. Mtoto aangaliwe wiki mbili: homa, lengelenge, kipele chochote kipya. Kuna dawa ya kutibu hali hiyo, akasema, lakini iko nchi za mbali, na angeanza kuiulizia saa ileile.

Jioni ile alifika Lodwar mwenyewe, vumbi mpaka kwenye kope. Akamkagua Nawoi kila mahali. Halafu akakaa chini mbele ya Ata, akamweleza chanjo ile ni nini, mimi nikitafsiri nikiwa nje ya mlango. Ata alisikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia mimi, si daktari.

"Watu wa Nairobi waliuliza kuhusu ngozi ya mtoto huyu, na mimi ninayeipaka kila siku sikuulizwa? Ungeniambia neno moja. Ningeukata mkono wangu kabla sijafungua kile kitambaa."

Hayo nayo nikamtafsiria daktari, neno kwa neno.

Nililala kwenye stoo ya maabara, kati ya makatoni. Kila asubuhi nilikwenda kusimama nje ya ua wetu, na Ata, ambaye alikuwa hazungumzi nami, alimtoa Nawoi akamwinua gauni, akamgeuza huku na huku, mbele na nyuma, kama mbuzi sokoni, ili nione. Safi. Kesho yake, safi. Siku ya tano kipele kilitokea shingoni, nikashika miba ya ua kwa mikono miwili. Daktari akaja mbio. Mbu! Alikuwa mbu, mshenzi yule! Ata alicheka, na mimi nikacheka, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Siku ya kumi na nne Nawoi alikuja mwenyewe akikimbia mpaka kwenye ua, uchi wa mnyama, akajigeuza bila kuambiwa. Ngozi yake ilikuwa ileile ya ukurutu wake wa kawaida, hakuna kingine hata kimoja. Ata alipiga vigelegele, majirani wakatoka kuuliza nani ameoa.

Na nafasi yangu? Ilikwenda. Daktari Nafula alinyoosha maneno. "Mama, mkono ukikosea maabara, nitakufundisha. Mdomo ukikosea, nitaaminije majibu unayoniandikia?" Vigaga vya kwanza vya Kaaleng vilisagwa na mtu mwingine, na mimi nikaosha vyombo vyake. Iliniuma, sitawaficha. Lakini nilijua nimelipa kidogo.

Ila daktari alibadilisha kitu. Tangu wakati huo, kila anayetaka kuchanjwa, maswali yale alikwenda kuulizwa nyumbani kwake, mbele ya yule anayepika na kuogesha watoto. Na mwaka 2013, mkono wangu ukiwa umepona na kinga yangu ikiwa imepimwa, alinijia na fomu mpya. Ata akakaa kigodani akajibu kila swali kwa niaba yangu, hata yale ya mimba, kwa sauti ambayo mtaa wote ulisikia. Akatia dole gumba. Nikasaga vigaga, wanangu! Na picha ilipotoka kwa hadubini kubwa ya Nairobi, kile kirusi cha ngamia kikaonekana kimekaa kama tofali dogo, na jina lililoandikwa chini kama mtayarishaji wa sampuli lilikuwa langu. Nilibusu karatasi.

Lakini nilitaka kuwamalizia siku ile kigaga changu kilipoanguka. Ilikuwa ya ishirini na nne tangu nichanjwe. Nilikichukua kwa koleo, nikakichoma, nikanawa, nikaenda nyumbani na kovu jipya la waridi. Ata alikuwa amenunua kopo jipya. Akalileta, akakaa mbele yangu, akalitazama bega langu bila kuligusa.

"Nimeruhusiwa?" akauliza.

Nikasema ndiyo, Ata, kimekwisha, hakina kitu tena. Akachovya kidole, akalipaka lile kovu polepole, mzunguko mmoja, mzunguko mwingine. Nawoi alikuwa ameshakuja kusimama kati ya magoti yake, mguu mbele, anangoja zamu yake. Nilijua hakuna hatari yoyote, nilijua kwa kusoma na kwa kuhesabu siku. Hata hivyo nikafungua mdomo nimwambie Ata anawe kwanza.

Hakuningoja. Alikuwa ameshamgeukia Nawoi, mikono yote miwili ameinyoosha juu ya beseni, na mtoto anammiminia maji.